Somo la Historia: Nani Atamshika Mtoto Njiani?

Wale waliokuwa karibu na redio wamekwisha kulisikia somo hili. Sasa limepigwa chapa ili kila mtu alisome mwenyewe, polepole, kwa macho yake. Asiyeweza kwenda mbio asione haya. Aweke kidole chini ya neno, alisome, kisha aende kwenye neno la pili. Sote tulianza hivyo hivyo.

Katika masomo yaliyopita tulizungumza habari za vita, mikataba na watu wakubwa. Leo nataka tuzungumze habari za mtu mdogo sana, naye ni mtoto aliyezidiwa na ugonjwa au aliyeumia vibaya. Hatutamtazama akiwa nyumbani, wala akiwa amelazwa hospitalini. Tutamtazama akiwa njiani. Je, njia nayo ina historia? Ndiyo, inayo, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa kwetu, kati ya Mlima Meru, Kilimanjaro na nyika za Wamasai.

Kwanza fikiri jambo hili. Wewe unakaa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Ni saa nane ya usiku na mvua za masika zinanyesha. Mtoto wako wa miaka miwili ana homa kali. Amepatwa na degedege mara mbili, na sasa haitikii ukimwita. Utafanya nini? Nimeuliza swali hili katika madarasa ya watu wazima, na karibu kila mtu hunijibu jibu moja: "Nitatafuta gari."

Jibu hilo si baya, lakini halijatimia. Gari likishapatikana linabaki swali la pili, tena ndilo zito zaidi: nani atamshika mtoto njiani, na mikononi mwake atakuwa na nini? Ilichukua miaka mingi watu wa dunia kuliuliza swali hilo. Hebu tuone ilivyokuwa.

Wazee wetu hawakuwa na gari. Mtu mzima aliyezidiwa alilazwa juu ya kitanda cha kamba au machela ya miti. Wanaume wanne wakambeba mabegani, na wengine wakafuata nyuma ili wapokezane. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya meta 4,500, na mito ishukayo kutoka juu imekata mabonde kila mahali. Mtu atokaye shamba moja la migomba kwenda jingine huweza kuvuka vijito viwili au vitatu. Misheni ya Kilutheri ilianzishwa Nkoaranga mwaka 1902, na baadaye pakawa na hospitali mahali hapo. Wagonjwa wa mlimani waliifikia kwa mabega ya watu. Upande wa nyika mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa huko tatizo si mabonde bali ni umbali.

Mtoto mdogo hakuhitaji machela. Alibebwa na mama yake, amefungwa mgongoni kwa nguo. Kumbukeni mgongo huo, maana tutaurudia kabla ya kumaliza, na mtaona kwamba wazee wetu hawakukosea sana.

Huko Ulaya, watu walianza kufikiri habari za kubeba wagonjwa kwa sababu ya vita. Kuanzia mwaka 1792, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Dominique-Jean Larrey alichukizwa kuona askari waliojeruhiwa wakiachwa chini mpaka mapigano yaishe. Akabuni magari mepesi ya kukokotwa na farasi, ambayo yaliwafuata majeruhi karibu na mapigano, yakiwa na watu wa tiba ndani yake. Someni tena maneno hayo ya mwisho. Larrey hakupeleka farasi peke yake.

Kwa watoto, jambo hili lilichelewa zaidi ya miaka mia. Yapata mwaka 1900, katika mji wa Chicago, Marekani, Daktari Joseph DeLee alikuwa na sanduku dogo la joto lililoweza kubebwa. Alilitumia kuwachukua watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wale tunaowaita njiti, kutoka majumbani mpaka hospitalini. Mwaka 1948 Idara ya Afya ya mji wa New York ikaweka gari na wauguzi maalumu kwa kazi hiyo hiyo. Waliona kwamba mtoto njiti aliyefika hospitalini akiwa baridi alikuwa amekwisha kupoteza nusu ya vita.

Australia nako walikuwa na shida inayofanana na yetu: nchi pana, watu wachache, hospitali mbali. Mchungaji mmoja, John Flynn, alianzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1928 katika mji mdogo wa Cloncurry. Lakini ndege ya daktari yafaa nini, kama mgonjwa hana njia ya kumwita? Mwaka 1929 fundi Alfred Traeger akamaliza shida hiyo kwa kutengeneza redio isiyohitaji umeme wa mjini. Mtu alikaa juu ya kiti akakanyaga pedali kwa miguu, kama aendeshaye baiskeli, na redio ikapata nguvu. Mimi ni mtu wa elimu ya redio, kwa hiyo mtanisamehe nikisema kwamba napenda kisa hiki kuliko vingine vyote. Ndege haikuwa na kazi mpaka sauti ilipopatikana.

Sasa tuje kwetu. Magharibi ya Kilimanjaro pako mahali paitwapo Ol Molog. Katika miaka ya 1950 palikuwa na mashamba ya walowezi huko, na shamba moja lilikuwa la Daktari Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akifanya upasuaji Nairobi. Alijua kurusha ndege. Mwaka 1956 alizungumza shambani kwake na wenzake wawili, Archibald McIndoe kutoka Uingereza na Tom Rees kutoka Marekani. Wote watatu walikuwa mabingwa wa kurekebisha viungo na ngozi iliyoharibika. McIndoe alikuwa amejulikana kwa kuwatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Walijiuliza: mtu wa Tanganyika, Kenya au Uganda aliyeungua moto, akaaye kilometa mia tano kutoka kwa daktari wa upasuaji, atafikaje? Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki. Huduma hiyo ndiyo iliyokua na kuitwa AMREF, na ndege zake zikawa na makao katika uwanja wa Wilson, Nairobi.

Angalieni vizuri walichokifanya. Hapo mwanzo fikira yao kubwa haikuwa kumbeba mgonjwa, bali kumpeleka daktari. Daktari aliruka kwenda hospitali ndogo ya misheni, akawapasua wagonjwa waliokuwa wakimngoja, akarudi. Baadaye, katika miaka ya 1960, hospitali za mbali zikaunganishwa kwa redio, na hapo ndipo ilipokuwa rahisi zaidi kuita ndege kwa ajili ya mgonjwa mmoja mahututi. Mambo hayo mawili, kumpeleka daktari kwa mgonjwa na kumleta mgonjwa kwa daktari, yalianza kama njia mbili mbalimbali. Tutaona jinsi yalivyokuja kukutana.

Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa wataalamu. Mwalimu Nyerere alikumbusha zaidi ya mara moja kwamba nchi ilianza na madaktari 12 tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilikaza nia ya kujenga zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1971 hospitali kubwa ya KCMC ikafunguliwa Moshi. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, hapana shaka. Hata hivyo kila maendeleo huja na shida yake mpya. Zamani mama wa kijijini alikuwa mbali na kila kitu. Sasa alikuwa karibu na zahanati, lakini bado mbali na hospitali. Mganga wa zahanati alimpima mtoto, akatikisa kichwa, akaandika barua ya rufaa. Mama akaishika barua hiyo mkononi na kusimama barabarani akingoja lori la mkaa au la viazi. Mtoto alikuwa ametoka mikononi mwa mtaalamu mmoja na hajaingia mikononi mwa mwingine. Hapo katikati hakuwa na mtu.

Mwaka 1983 ikaanzishwa huduma nyingine ya ndege, na hii makao yake yalikuwa Arusha penyewe. Yaitwa Flying Medical Service. Aliyeianzisha ni Padre Pat Patten, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa rubani. Ndege zake zilikuwa ndogo, aina ya Cessna, zenye kuweza kutua juu ya kiwanja cha udongo kilichofyekwa na wanakijiji. Zilikwenda kwa zamu katika vijiji vya nyika za Wamasai, zikipeleka wauguzi, chanjo na kliniki za mama na mtoto. Na mgonjwa wa hatari alipopatikana, ndege ilibadilisha kazi ikawa gari la wagonjwa. Sharti kubwa lilikuwa kiwanja. Wanakijiji waliofyeka kiwanja chao na kukilinda na nyasi, mashimo na ng'ombe waliweza kufikiwa. Kwa hiyo msidhani kwamba historia hii ni ya marubani na madaktari peke yao. Jembe na panga vimo ndani yake.

Lakini ndege nayo ina hila zake. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi na oksijeni inapungua. Mtu mzima mwenye afya haoni shida. Mtoto mwenye kichomi, ambaye hata huku chini anapumua kwa taabu, anaweza kuzidiwa juu ya Ngorongoro akiwa ndani ya ndege ndogo ambayo haikuzibwa kuhifadhi hewa. Tena, hewa iliyonaswa kifuani baada ya ajali hutanuka kadiri ndege inavyopanda. Basi mwendo wa kasi ni msaada, lakini ukienda na mgonjwa asiyetayarishwa unaweza kuwa hatari.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo dunia ililijua kwa kuchelewa. Kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea, nchi tajiri zilijenga vyumba maalumu vya watoto mahututi katika hospitali chache kubwa. Watoto wakaletwa huko kwa magari kutoka hospitali ndogo, wakisindikizwa na yeyote aliyekuwa zamu siku hiyo. Mara nyingi alikuwa kijana mwenye moyo mzuri ambaye hajawahi kumhudumia mtoto mahututi ndani ya gari linalotikisika. Watafiti wakaanza kuhesabu yaliyowapata watoto njiani. Mwaka 2009 ilichapishwa habari ya watoto walioletwa katika hospitali moja ya Pittsburgh, Marekani. Kati ya watoto 100 walioletwa na kikosi cha watu waliofundishwa kazi hiyo, 9 walikufa. Kati ya 100 walioletwa na watu wasiofundishwa, walikufa 23. Kundi hili la pili lilikuwa dogo kwa idadi, nami sipendi mtu aliyekomaa atishwe kwa hesabu. Lakini tofauti ya 9 na 23 haipuuziki. Ajali za njiani, kama vile mpira wa kupumulia kuchomoka au dripu kung'oka, nazo zilitofautiana mno.

London ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 2001 kilianzishwa huko kikosi kiitwacho CATS. Kazi yake ni hiyo moja tu, kuwafuata watoto mahututi katika hospitali ndogo na kuwaleta katika hospitali kubwa. Nitawaeleza jinsi kikosi cha namna hiyo kinavyofanya kazi, maana huenda mkastaajabu.

Simu ikilia, daktari wa kikosi haondoki mbio. Kwanza anazungumza na daktari wa hospitali ndogo: mtoto ana kilo ngapi, anapumuaje, mumempa nini? Anatoa shauri hapo hapo, ili tiba ianze wakati gari bado linatiwa vifaa. Wakifika hawambebi mtoto na kukimbia. Wanakaa naye, pengine saa nzima au zaidi. Wanahakikisha njia ya hewa iko wazi, dripu imefungwa imara, degedege limetulia, sukari ya damu imepimwa, mwili una joto. Mtoto akishatulia ndipo wanapoondoka, na njiani macho yao hayamwachi. Mifuko yao ina barakoa za kupumulia za kila kipimo, kwani barakoa ya mtu mzima itamfunika mtoto uso mzima na hewa itavuja. Dawa hupimwa kwa uzito. Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa, na kosa dogo la kipimo kwake ni kosa kubwa.

Mmeona sasa? Njia mbili za Daktari Wood zimekutana. Daktari anampelekewa mtoto, na mtoto anapelekwa kwa daktari, katika safari moja.

Sasa nitawasimulia kisa ambacho kila mtu wa Arusha anakijua, nami nakiandika kwa uzito. Siku ya Jumamosi, tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha walipanda basi asubuhi kwenda Karatu kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao wa shule nyingine. Mvua ilikuwa imenyesha. Katika mteremko wa Rhotia basi likaacha njia na kutumbukia korongoni. Watu 35 walikufa: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Jumatatu yake jeneza baada ya jeneza zilipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, akaja kuomboleza pamoja nasi.

Watoto watatu walitoka wakiwa hai. Wamarekani watatu wa kujitolea, wa chama kiitwacho STEMM, walikuwa wakipita barabara hiyo. Walisimama, wakashuka korongoni, wakasaidiana na wananchi wa hapo kuwatafuta waliokuwa bado wanapumua. Watoto hao walikuwa wamevunjika mifupa mahali pengi. Wakaletwa katika Hospitali ya Mount Meru, Arusha, safari ya kilometa 140 hivi.

Kisha chama hicho, ambacho kina makao katika mji wa Sioux City katika jimbo la Iowa, kikishirikiana na Lazaro Nyalandu, aliyekuwa Mbunge, kikatafuta njia ya kuwapeleka watoto Marekani. Shirika la Samaritan's Purse likatoa ndege yake kubwa aina ya DC-8. Tarehe 14 Mei ndege ikaondoka uwanja wa Kilimanjaro ikiwa imebeba watoto, mama zao, daktari na muuguzi wa Kitanzania. Watoto wakatibiwa Sioux City, na tarehe 18 Agosti 2017 wakarudi nyumbani, wakashuka ndege palepale KIA mbele ya umati wa watu. Wengi tulilia siku ile, na hakuna aliyeona aibu.

Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha ndege. Mimi naomba mhesabu siku. Ajali ilitokea tarehe 6, ndege ikaondoka tarehe 14. Kuna siku nane katikati. Katika siku hizo nane zilitafutwa pasi za kusafiria, ruhusa za kuingia Marekani, ndege na rubani. Lakini ni nani aliyewashika watoto katika siku hizo? Ni wauguzi na madaktari wa Hospitali ya Mount Meru, pamoja na waliokuja kuwasaidia. Kama wao wasingewafikisha watoto katika hali ya kuweza kusafiri, ile ndege ingefika na isiwe na mtu wa kumbeba. Na wakati wa kuondoka, daktari na muuguzi wetu hawakubaki uwanjani wakipunga mkono. Walipanda pamoja na watoto. Hiyo ndiyo maana halisi ya kikosi.

Tena nisiwafiche ninavyoona. Watoto watatu walipata ndege kubwa iliyovuka bahari, na walistahili. Lakini katika usiku wowote wa masika kuna mtoto mwingine, hayumo katika magazeti, anayehitaji kilometa 30 tu za barabara ya matope. Huyo hatafuatwa na DC-8. Swali la historia yetu ni nini kilichofanywa kwa ajili yake.

Kipo kilichofanywa. Mwaka 2010 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara maalumu ya tiba ya dharura, na mwaka huo huo madaktari wakaanza kufundishwa ubingwa wa kazi hiyo hapa nchini. Huo ni mwanzo wa kuwa na watu wetu wenyewe wanaojua saa ya kwanza ya mgonjwa ina thamani gani.

La pili linakuja karibu zaidi na mlango wako. Katika Kanda ya Ziwa, huko Sengerema na Shinyanga, ulijaribiwa mpango uitwao m-mama. Wenye mpango huo waliona kwamba magari ya wagonjwa ni machache na hayatatosha leo wala kesho. Lakini karibu kila kijiji kina mtu mwenye gari: mwenye teksi, mwenye Noah, mwenye gari la kubebea mizigo. Wakawaandikisha madereva hao, wakakubaliana nao bei. Mtu hupiga simu namba 115, bila malipo. Anayepokea huuliza maswali kwa utaratibu uliopangwa, akajua kama hatari ni kubwa na mgonjwa apelekwe wapi. Gari la wagonjwa likiwa karibu, linatumwa hilo. Lisipokuwapo, anaitwa dereva aliyeandikishwa. Hospitali nayo inaarifiwa kwamba mgonjwa yu njiani. Dereva akimfikisha, analipwa kwa simu, na mama hatoi hata senti. Tarehe 6 Aprili 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango huo kwa nchi nzima, ukaanza kuenezwa mkoa kwa mkoa.

Linganisheni na pedali za Traeger. Kule Australia ndege ilipata kazi baada ya kupata sauti. Kwetu gari la jirani lilikuwapo siku zote, limeegeshwa chini ya mwembe. Lililokosekana ni sauti ya kuliita, mtu wa kuamua na fedha ya kumlipa dereva usiku.

Lakini tuseme ukweli wote. Mpango wa m-mama uliwekwa kwa ajili ya mama wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga. Yule mtoto wetu wa Ngarenanyuki, mwenye miaka miwili na degedege, hakuwekewa mpango huo. Na hata mtoto mchanga anayepata teksi hupata dereva, si kikosi cha London. Mara nyingine muuguzi wa zahanati anaweza kumsindikiza. Mara nyingine yuko peke yake zamu, na akiondoka ataacha wagonjwa wengine bila mtu. Nimewasikia watu wakiwalaumu wauguzi hao. Mimi siwezi. Atakayelaumu kwanza aketi katika zahanati hiyo usiku mmoja.

Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya nchi yetu, anayemshika mtoto njiani bado ni mama yake, na hapa turudi kwenye mgongo ule tuliouacha. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko masanduku ya joto. Akawaambia akina mama wawaweke watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wawafunike kwa nguo. Watu wengi walidhani ni tiba ya maskini. Mwaka 2021 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo waliwekwa kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza katika sanduku. Katika kundi lililongoja walikufa karibu 16 kati ya 100. Katika kundi lililowekwa kifuani mara moja walikufa 12. Uchunguzi huo ulifanywa hospitalini, si barabarani. Lakini sababu ya joto ni ile ile popote: mtoto mchanga hawezi kujipasha moto mwenyewe, na baridi ya Mlima Meru usiku mnaijua.

Tofauti na wazee wetu ni hii tu: awekwe kifuani, si mgongoni. Kifuani unamwona uso. Unaona kama midomo imebadilika rangi, unaona kama anapumua. Mgongoni waweza kutembea kilometa tano usijue kilichotokea nyuma yako. Na kwa mtoto mkubwa kidogo aliyezimia, msimtilie uji wala dawa mdomoni. Alazwe ubavu, mate yatoke nje, njia ya hewa iwe wazi. Mimi ni afisa wa elimu, si daktari. Haya nimeyapata kwa wenye kazi yao, nanyi mkaulize zaidi katika zahanati yenu kabla usiku haujawafikia.

Jambo moja zaidi, nalo ni la darasa letu. Ile barua ya rufaa ambayo mama huishika mkononi ni kifaa cha tiba sawa na dripu. Imeandikwa dawa gani alipewa mtoto, kiasi gani, na saa ngapi. Mama asiyejua kusoma huificha kifuani akaisahau mpaka kesho yake, na mtoto akapewa dawa ile ile mara ya pili. Mama ajuaye kusoma huitoa mlangoni na kusema, "Alidungwa sindano saa tisa usiku, imeandikwa hapa." Mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni, bibi wa miaka hamsini na zaidi, aliniambia kwamba alikuja kujifunza kusoma kwa ajili ya barua ya namna hiyo. Sikumwuliza ilikuwaje, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha kunijibu.

Sasa chukueni kalamu na karatasi safi. Andikeni kwa herufi kubwa, kila jambo katika mstari wake: jina la kijiji chako, jina la zahanati iliyo karibu, jina la mtu mwenye gari alalaye karibu nawe, na namba yake ya simu, tena namba 115. Chini yake andika jina la kila mtoto wa nyumba yako, na mbele ya jina andika kilo zake kama zilivyo katika kadi ya kliniki. Ukikwama katika tarakimu, mwulize jirani yako wa dawati. Karatasi hiyo usimpe mwalimu aisahihishe. Ipeleke nyumbani, uibandike nyuma ya mlango, mahali ambapo mwanga wa taa unafika.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma habari za reli ya Tanga na jinsi ilivyofika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Kwaherini.